Nusu Karne ya Kikapu Georgetown

Msimu wa 1971-72 timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Georgetown ilicheza mechi 26, ikashinda tatu. Chuo hicho cha mapadre Wajesuiti, kilichoasisiwa mwaka 1789, kiko kilimani jijini Washington, juu ya mto Potomac, na sifa yake ilikuwa kuwaandaa mabalozi, wanasheria na madaktari. Kikapu kilichezwa hapo tangu 1907. Mwaka 1943 timu ilifika hata fainali ya taifa, ikafungwa na Wyoming 46-34, kisha vita vikasimamisha mchezo chuoni na kumbukumbu ile ikafifia. Kwa karibu miaka thelathini iliyofuata, hakuna aliyeitaja Georgetown alipozungumzia mchezo huu.

Machi 1972 uongozi ulimwajiri kocha wa St. Anthony, shule ya sekondari ya papo hapo jijini. Aliitwa John Thompson, mwenye umri wa miaka 30 na urefu uliopita mita mbili. Alikuwa Mweusi, na siku zile makocha wakuu Weusi katika vyuo vikubwa vya Weupe walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha vigae na hakujua kusoma wala kuandika. Mama yake alisomea ualimu lakini aliishia kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Thompson mwenyewe aliwahi kuondolewa katika shule ya Kikatoliki kwa kuonekana hafundishiki, mpaka mwalimu mmoja wa shule ya serikali alipomvumilia na kumfundisha kusoma. Habari hii naiweka mbele ya mataji yote, kwa sababu mtu huyu aliutazama mpira daima kwa macho ya mtoto aliyekaribia kufungiwa mlango wa shule.

Kikapu ndicho kilichomfikisha Chuo cha Providence, alikokuwa nahodha, na baada ya hapo Boston Celtics. Huko alikaa misimu miwili akiwa akiba ya Bill Russell, na misimu yote miwili Celtics walitwaa ubingwa. Angeweza kung'ang'ania ligi ya kulipwa akaacha. Akarudi nyumbani kufundisha vijana wa mtaani.

Alipohamia Georgetown alikuja na mwalimu aliyefanya naye kazi St. Anthony, Mary Fenlon, mwanamke Mweupe aliyewahi kuwa mtawa. Kazi yake haikuhusu mpira hata kidogo. Alifuatilia mahudhurio darasani, akasahihisha insha za wachezaji, akawabana walimu na wanafunzi kwa pamoja, na siku ya mechi alikaa benchi la timu kama kocha msaidizi yeyote. Vyuo vingine havikuwa na utaratibu huo wakati ule. Ofisini kwake Thompson aliweka mpira uliotolewa upepo. Kila kijana aliyeingia aliuona, na ujumbe aliousikia ulikuwa mmoja: usiyajenge maisha yako yote juu ya hewa iliyomo ndani ya kitu hiki.

Ni lazima kuukumbuka mji wenyewe. Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, mitaa kadhaa ya Washington iliteketea kwa moto. Zaidi ya theluthi mbili ya wakazi walikuwa Weusi, lakini ndani ya lango la Georgetown ilikuwa nadra kuwakuta wakiwa na vitabu mkononi. Na chuo chenyewe kilikuwa na deni la zamani zaidi. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliwauza watu 272 waliowamiliki, watoto wakiwamo, kwa wenye mashamba wa Louisiana. Bei ilikuwa dola 115,000, na sehemu ya fedha hizo ililipa madeni ya Georgetown. Kuomba radhi rasmi kwa wazao wao kulisubiri hadi 2017. Kwa hiyo kocha Mweusi alipoanza kuleta vijana Weusi mwaka 1972, akiwapigania wapokelewe kwa ufadhili kamili, alikuwa akiingia katika nyumba yenye historia nzito kuliko orodha ya mechi zilizopotea.

Walioikasirikia hatua hiyo walijitokeza mapema. Mwaka 1975, timu ilipopoteza mechi kadhaa mfululizo, mtu alitundika shuka ndani ya ukumbi wa McDonough lenye tusi la rangi na kutaka Thompson aondoke. Wachezaji walilisoma. Wiki chache baadaye timu ileile ilichukua ubingwa wa kanda kwa kuifunga West Virginia 62-61, kwa mtupo wa Derrick Jackson mechi ikielekea kwisha, na Georgetown ikaingia mashindano makuu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa mara ya kwanza tangu 1943.

Mwaka 1979 ilizaliwa ligi ya Big East, iliyoongozwa na Dave Gavitt, mtu wa Providence kama Thompson. Ilivikusanya vyuo vya miji mikubwa ya mashariki mwa nchi mwaka uleule ambao televisheni ya michezo ya ESPN ilianza kurusha matangazo. Ligi ilihitaji uhasama wa kuvuta watazamaji, na Georgetown ikautoa bila kuchelewa. Februari 1980 Syracuse walikuwa wanauaga ukumbi wao wa Manley, walimoshinda mechi 57 mfululizo. Georgetown wakaenda kuwafunga 52-50. Thompson akawatangazia waandishi wa habari kwamba sasa Manley imefungwa rasmi. Watu wa Syracuse wanamkumbuka kwa sentensi hiyo mpaka leo.

Mwaka 1981 alifika Patrick Ewing. Alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Massachusetts akiwa mvulana, na mchezo huu aliuanza ukubwani kidogo. Urefu wa mita 2.13, mikono mirefu, fulana ya kijivu iliyovaliwa ndani ya jezi, na moyo wa kulinda kikapu kama mali ya urithi. Katika viwanja vya ugenini mashabiki waliinua mabango yaliyosema hajui kusoma, na kuna waliotupa maganda ya ndizi uwanjani. Ewing alicheza. Miaka minne baadaye alipokea shahada yake, kwa kuwa alimwahidi mama yake hivyo. Mama mwenyewe alifariki 1983, mwanawe akiwa bado chuoni.

Mwaka wa kwanza wa Ewing uliishia New Orleans, Machi 29, 1982, katika fainali dhidi ya North Carolina ya Dean Smith, rafiki na mshauri wa Thompson. Ewing alianza kwa kuzuia mitupo iliyokuwa tayari inashuka kuelekea kikapuni, na waamuzi wakawapa wapinzani pointi zao. Kocha hakujali, alitaka kila mtu ajue nani analinda eneo lile. Zikiwa zimesalia sekunde zipatazo 16, kijana wa mwaka wa kwanza aliyeitwa Michael Jordan alitupa kutoka upande wa kushoto, mpira ukaingia. 63-62. Georgetown wakapanda na mpira. Fred Brown, mlinzi wao, aliona kivuli cha jezi pembeni mwa jicho, akapiga pasi, na mpira ukatua mikononi mwa James Worthy wa North Carolina.

Kilichofuata ndicho picha ninayoipenda kuliko zote za chuo hiki. Thompson hakupiga kelele wala hakumgeuzia mgongo. Alimvuta Brown kifuani akamkumbatia mbele ya nchi nzima. Kijana yule angeweza kubaki na aibu ya pasi moja maisha yake yote. Alirudi msimu uliofuata, na uliofuata huo, na Aprili 2, 1984, mjini Seattle, Georgetown ilipoifunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84-75 na kuwa bingwa wa taifa, kamera zilimwonyesha Thompson akimkumbatia tena mtu yuleyule, safari hii akicheka. Reggie Williams, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa amefunga pointi 19.

Waandishi walitaka kusikia Thompson anajisikiaje kuwa kocha wa kwanza Mweusi kutwaa taji hilo. Alilikataa swali kwa namna lilivyoulizwa. Hoja yake ilikuwa kwamba ukimwita wa kwanza unaashiria kuwa kabla yake hapakuwa na mwenye uwezo, ilhali wenye uwezo walikuwepo, wakanyimwa nafasi. Ushahidi ulikuwa wazi. John McLendon alijifunza kwa James Naismith mwenyewe, mvumbuzi wa mchezo, katika Chuo Kikuu cha Kansas ambako hakuruhusiwa kuchezea timu kwa sababu ya rangi. Baadaye alitwaa mataji matatu mfululizo, 1957 hadi 1959, lakini katika mashindano ya vyuo vidogo. Clarence Gaines wa Winston-Salem alikuwa bingwa wa daraja la vyuo vidogo mwaka 1967. Wote wawili hawakuwahi kukabidhiwa chuo chenye nguvu wakati wao ukiwa umeiva.

Miaka ileile Georgetown ilichukiwa pia. Mazoezi yalifungwa kwa wageni. Waandishi walipewa dakika chache, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuzungumza nao mpaka muhula wa kwanza upite. Wakati wa fainali ya 1982 timu ililala Biloxi, katika jimbo jingine kabisa, mbali na zogo la New Orleans. Uwanjani walibana mpinzani kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, na ugomvi haukukosekana. Magazeti yaliandika kwamba timu ina hofu ya watu na kocha ni dikteta. Sikubaliani na kila ukali wake. Upo uliovuka mpaka, na ngumi za baadhi ya mechi hazikuwa na utetezi. Lakini ninawaelewa watu waliojifungia baada ya kutupiwa maganda ya ndizi. Walioelewa zaidi walikuwa vijana wa mitaa ya Weusi kote Marekani, ambao walivaa majaketi ya buluu na kijivu ya Georgetown bila kuwahi kukanyaga chuo hicho. Wengi waliamini ni chuo cha Weusi.

Mwaka 1985 walifika fainali tena, wakiwa wamefungwa mara mbili tu msimu mzima, na Villanova wakawaangusha 66-64 kwa kutupa mitupo 28 na kuingiza 22. Siku kama hiyo humpati wa kumlaumu. Wachezaji wa Georgetown walisimama wakawapigia makofi mabingwa wapya.

Naufikia mwaka 1989, ambao kwangu una uzito sawa na 1984 ingawa haukuleta kombe. NCAA ilikuwa imepitisha kanuni iliyoitwa Pendekezo la 42. Iliwanyima ufadhili wa mwaka wa kwanza wanamichezo wasiofikia alama fulani za mitihani ya kujiunga na chuo. Kwenye karatasi ilionekana kulinda elimu. Thompson aliona itakayemgusa: mtoto wa familia maskini, aliyesoma shule duni, asiye na ada ya kujilipia huku akisubiri kuthibitisha uwezo wake. Ni yeye mwenyewe wa zamani. Januari 14, kabla ya mechi na Boston College kuanza, alitoka uwanjani, umati ukimshangilia, akaacha wasaidizi wasimamie timu. Aliikosa na mechi iliyofuata. Utekelezaji wa kanuni uliahirishwa, na mwaka uliofuata ikalegezwa ili wanafunzi hao wapate msaada wa kawaida wa chuo.

Mwaka huohuo Rayful Edmond, aliyekuwa akitawala biashara ya kokeini jijini, alionekana karibu mno na wachezaji, Alonzo Mourning akiwa mmoja wao. Thompson alimwita ofisini. Edmond akaja. Akaambiwa akae mbali na vijana, naye akatii. Katika Washington ya wakati ule, mji ukizika watu kila wiki kwa sababu ya biashara hiyo, sijui ni mtu gani mwingine angeweza kutoa agizo hilo na likashika.

Katika kikosi hichohicho alikuwepo kijana kutoka Kinshasa. Dikembe Mutombo, Mluba, aliingia Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa shirika la misaada la serikali ya Marekani, akikusudia kuwa daktari. Hakuja kwa ajili ya kikapu. Lakini mtu wa mita 2.18 hawezi kujificha katika njia za chuo, na Thompson akamkaribisha mazoezini mwaka wa pili. Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, kwa hiyo mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha na masomo. Alipoanza kucheza sambamba na Mourning, eneo la chini ya kikapu likawa halipitiki. Januari 1989, dhidi ya St. John's, alizuia mitupo 12 katika mechi moja.

Ndoto ya udaktari ilibadilika, ila shule haikuachwa. Mutombo alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, baada ya kufanya mafunzo kazini katika Bunge la Marekani na Benki ya Dunia. Kisha akacheza misimu 18 katika ligi ya kulipwa ya NBA, akatwaa mara nne tuzo ya mlinzi bora, na alistaafu akiwa wa pili katika historia ya ligi kwa idadi ya mitupo aliyoizuia. Mwaka 1996 aligharimia safari na mavazi ya timu ya taifa ya wanawake ya Zaire iliyokwenda Olimpiki ya Atlanta. Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa katika miaka ya machafuko, alipougua na asiweze kufikishwa hospitalini. Mwaka 2007 hospitali yenye vitanda 300 ilianza kupokea wagonjwa katika jiji hilo, ikiwa na jina la mama huyo. Mutombo alichangia zaidi ya dola milioni 15 za gharama yake. Hivyo mwanafunzi aliyekosa udaktari akawapatia madaktari mahali pa kufanyia kazi. Alifariki Septemba 30, 2024, kwa saratani ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 58.

Baada yake walikuja Waafrika wengine, akiwamo Ruben Boumtje-Boumtje wa Kamerun, mchezaji wa kati ambaye kwa miaka minne alibeba masomo ya biolojia na hesabu pamoja na mazoezi.

Allen Iverson aliingia mwaka 1994. Alikuwa ametoka gerezani Virginia, alikofungwa akiwa mwanafunzi kwa ugomvi wa ukumbini. Hukumu hiyo baadaye ilitenguliwa. Vyuo vilikuwa vimemkimbia. Mama yake alikwenda kwa Thompson akamwomba amwokoe mwanawe, naye hakukataa. Iverson alicheza misimu miwili, kwa kasi ambayo Georgetown haikuwahi kuiona, jezi zikiwa na nakshi za kente pembeni, na mwaka 1996 akaondoka kwenda NBA kabla ya kuhitimu, wa kwanza kufanya hivyo chini ya Thompson. Kocha hakumzuia; familia ilikuwa na shida ya fedha, na aliijua shida hiyo ina uzito gani.

Thompson alijiuzulu Januari 1999, katikati ya msimu. Alikuwa ameshinda mechi 596 na kupoteza 239. Hesabu aliyoipenda zaidi ni nyingine: kati ya wachezaji waliokaa naye miaka yote minne, asilimia 97 waliondoka na shahada.

Yaliyofuata yanasimulika haraka. Craig Esherick, msaidizi wake wa miaka mingi, alishika hadi 2004. Akaja John Thompson III, mwana wa kocha, aliyewafikisha wachezaji wake Jeff Green na Roy Hibbert nusu fainali ya taifa mwaka 2007 baada ya kuipindua North Carolina katika muda wa nyongeza. Mwaka 2013 timu yake, iliyopangwa ya pili katika kundi, ilitolewa na Florida Gulf Coast, chuo kichanga kilichopangwa cha 15, na tangu hapo imani ilianza kuvuja. Mwaka 2017 mikoba ikakabidhiwa Patrick Ewing.

Thompson alifariki Agosti 30, 2020. Machi iliyofuata timu ya Ewing, ambayo hakuna aliyeitarajia, ilishinda mechi nne katika siku nne huko Madison Square Garden na kutwaa kombe la Big East kwa kuifunga Creighton 73-48. Ilikuwa furaha ya msimu mmoja. Mwaka uliofuata walipoteza mechi zote 19 za ligi, na Machi 2023 Ewing aliondolewa. Iliwauma wengi, na inaniuma mimi pia, maana hakuna aliyeipa Georgetown zaidi yake uwanjani. Lakini chuo kilikuwa kimeitafuta nguvu ya Thompson ndani ya ukoo na wanafunzi wake kwa miaka 24, kana kwamba inarithiwa kwa damu. Hata kikosini walikuwemo watoto wa nyumbani: Patrick Ewing mdogo alikuwa katika timu ya 2007, na Ryan Mutombo, mwana wa Dikembe, aliichezea Georgetown kuanzia 2021.

Kocha wa sasa, Ed Cooley, alitoka nje ya ukoo huo. Alichukuliwa kutoka Providence, chuo alichosoma Thompson. Amekuta mchezo mwingine kabisa. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, na kuhama chuo hakuna tena adhabu ya kukaa nje msimu mzima. Fedha hizo ni haki yao. Kwa miongo mingi watu wazima walitajirika kwa jasho la vijana. Ila ile asilimia 97 ilisimama juu ya sharti la kukaa miaka minne, na kijana anayepita vyuo vitatu kwa misimu minne ni rahisi kufika mwisho akiwa na akaunti benki bila shahada yoyote. Timu inafanyia mazoezi katika jengo lililofunguliwa mwaka 2016 kwa jina la Thompson, lenye sanamu yake. Ningependa humo ndani, kando ya bendera ya 1984, kila mwaka wa masomo yaandikwe majina ya wachezaji waliohitimu, pamoja na ya wale walioondoka mapema wakarudi kumalizia.